Mwanga au Infraredi? Jinsi ya Kuchagua Kihisi

Katika kijiji cha Tingi, wilayani Kilwa, kama kwingineko katika pwani ya Lindi, ufuta uliovunwa huhitaji ulinzi ghalani. Kutengeneza king'ora kitakacholia mtu aingiapo ni zoezi lifaalo sana kwa klabu ya sayansi ya shule ya sekondari. Lakini kitumike kihisi gani: cha mwanga au cha infraredi? Wengi hudhani kwamba infraredi, kwa kuwa haionekani kwa macho, haivurugwi na mwanga wa mchana. Dhana hiyo si sahihi.

Mwaka 1800, huko Uingereza, William Herschel alitawanya mwanga wa jua kwa mche wa kioo na kupima joto la rangi zake. Kipimajoto kilichowekwa nje ya rangi nyekundu, pasipoonekana mwanga wowote, kilipanda kuliko vingine. Hivyo infraredi iligunduliwa ndani ya miale ya jua lenyewe. Takriban nusu ya nishati ya jua ifikayo ardhini ni infraredi.

Vihisi vitumikavyo shuleni ni vya namna tatu. Cha kwanza ni kikinza-mwanga, ambacho ukinzani wake hupungua kinapoangaziwa. Ni rahisi, bali hubadilika polepole. Chafaa kuwasha taa magharibi inapoingia.

Cha pili hupokea infraredi itolewayo na diodi, yenye urefu wa wimbi wa nanometa 940 hivi. Mtu akikatiza mwali huo, king'ora hulia. Ili mwali usichanganywe na jua, diodi huwashwa na kuzimwa mara 38,000 kwa sekunde, na kipokezi hujibu mapigo hayo tu. Hata hivyo, jua kali likikipiga moja kwa moja, hulemewa.

Cha tatu hakitoi mwali. Hungojea infraredi ya mwili wa mtu, yenye urefu wa wimbi wa mikrometa 10 hivi, ambayo haipiti katika kioo cha dirisha. Kihisi hiki hutambua tofauti ya joto. Ngozi ya binadamu ina nyuzi 33 hivi za Selsiasi; ukuta wa ghala ulioezekwa kwa bati ukifikia kiasi hicho adhuhuri, mwizi aweza kupita bila kutambuliwa.

Kwa ghala la Tingi, basi, kihisi cha tatu chafaa usiku, ukuta ukiwa umepoa. Mchana ni afadhali mwali wa diodi mlangoni, kipokezi kikiwa kivulini ndani ya kipande cha bomba jeusi.

Kabla ya kununua kifaa chochote, mwanafunzi ajiulize mambo matatu: miale inayotafutwa yatoka wapi, ni miale gani mingine iliyopo mahali pale, na hali hubadilikaje kati ya usiku na mchana. Kisha akijaribu kifaa chake saa sita mchana, wakati ambapo kushindwa kwake hudhihirika upesi.