Nyonga Bandia Nayo Huchakaa: Mambo ya Kuzingatia kwa Kamati na Wafadhili



Kamati zetu za parokia, kuanzia Mtwara mjini na Mikindani hadi Msimbati na Kilambo karibu na mdomo wa Ruvuma, huombwa kuchangia matibabu ya wagonjwa wa nyonga. Wapo waliovunjika shingo ya mfupa wa paja kwa kuanguka. Wapo ambao kichwa cha mfupa huo kimekufa kwa kukosa damu, jambo linalowapata hasa wenye selimundu. Mchango ukitimia, mgonjwa anaweza kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, akawekewa nyonga bandia na kurudi akitembea. Wengi hudhani kazi imekwisha. Katika toleo hili tunaeleza kwa nini bado.

Nyonga bandia imeundwaje?

Nyonga bandia ya kisasa ni vipande vinavyounganishwa: shina la metali, mara nyingi titani, linaloingia ndani ya mfupa wa paja, tufe la kobalti na kromi au la kauri, na kikombe chenye bitana ya plastiki ngumu. Tufe hupachikwa kwenye ncha ya shina iliyochongwa kama pia, likashika kwa kubanwa tu, bila skrubu wala gundi. Faida yake ni kwamba daktari huchagua ukubwa unaomfaa mgonjwa, na baadaye anaweza kubadilisha tufe au bitana bila kung'oa shina.

Huharibikaje?

Kwanza, plastiki hulika. Daktari John Charnley wa Uingereza alianza kwa kutumia Teflon. Katika miaka michache ikalika vibaya, na wagonjwa wakahitaji kupasuliwa tena. Mwaka 1962 akahamia poliethilini. Hata hiyo hutoa vumbi jembamba. Chembe za ulinzi za mwili hulimeza vumbi hilo, na mapambano hayo husababisha mfupa wa jirani kuliwa. Kiungo hulegea, wakati mwingine bila maumivu yoyote mwanzoni. Plastiki zilizoimarishwa kwa mionzi, zilizoenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, huchakaa polepole zaidi.

Pili, maungio huingiwa na kutu. Wavuvi wetu wanajua kuwa chuma kikifungwa pamoja na shaba ndani ya maji ya bahari, chuma huliwa upesi. Majimaji ya mwili nayo yana chumvi. Kila hatua hutikisa kidogo ungio la tufe na shina, utando unaokinga metali hukwanguka, na kutu huanza. Chembe zinazotoka humo zinaweza kuharibu nyama, na mara chache ncha hukatika kabisa.

Haya yametokea. Mwaka 2010 kampuni ya DePuy iliondoa sokoni nyonga za ASR, ambazo metali ilisugua metali. Watu wapatao 93,000 duniani walikuwa wamewekewa. Mwaka 2012 Stryker iliondoa Rejuvenate na ABG II, ambazo hata shingo ilikuwa kipande cha kupachikwa. Kila ungio lililoongezwa liliongeza mahali pa kuharibika.

Hatusemi haya kuwatisha watu. Uchambuzi wa mwaka 2019 wa kumbukumbu za Australia na Finland ulionyesha kuwa nyonga bandia kama 58 kati ya 100 hudumu miaka 25. Lakini mgonjwa kijana ataishi zaidi ya hapo.

Kamati zifanye nini?

1. Zimsaidie mgonjwa kutunza kadi ya kiungo: kampuni, aina, ukubwa na namba ya toleo. Nakala ikae parokiani, akiridhia. Kiungo kikiondolewa sokoni, asiye na namba hatajua kama ni chake.

2. Bajeti iwe na nauli ya marejeo. Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 500, na picha ya eksirei huhitajika hata pasipo maumivu.

3. Zimhimize kuwahi hospitali akiona maumivu mapya ya kinena au paja, uvimbe, mlio, kuchechemea, au mguu kuwa mfupi. Homa au usaha ni dharura.

Ombi kwa wafadhili

Tunashukuru kwa moyo wa kutoa. Hata hivyo, vipande vilivyokusanywa huku na huku vina hatari. Tufe la kampuni moja na shina la nyingine huweza kuandikwa 12/14 yote mawili, na bado pembe zake zikatofautiana. Ungio halitabana sawasawa. Kabla ya kutuma, ulizeni madaktari watakaopasua wanatumia aina gani, tumeni seti kamili pamoja na vifaa vyake vya kupachikia, na fuateni taratibu za Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Asiyekuwa na vifaa anaweza kuchangia nauli ya marejeo. Huo ni msaada mkubwa, kwa maana kiungo kilicholegea kikigunduliwa mapema, mara nyingi marekebisho huwa madogo na mfupa huokolewa.