Saratani ya ovari: Dawa mbili pamoja, lakini si kwa kila mgonjwa

JE, mama, dada au shangazi yako amewahi kuugua saratani ya matiti au ya ovari, yaani viungo vinavyotoa mayai ya uzazi? Ikiwa ndivyo, habari hii yakuhusu.

Baadhi ya saratani hutokana na hitilafu ya jeni ambayo mtu hurithi. Jeni mbili zinazojulikana sana ni BRCA1 na BRCA2. Kazi yake ni kusaidia chembe za mwili kurekebisha uharibifu unaozipata. Mzazi mwenye hitilafu hiyo, awe baba au mama, aweza kuirithisha. Kwa kila mtoto uwezekano ni nusu kwa nusu. Kwa hivyo usiusahau ukoo wa baba.

Hitilafu hiyo ni hatari, lakini pia ndiyo udhaifu wa saratani yenyewe. Jeni hizo zisipofanya kazi, chembe ya saratani hutegemea njia nyingine ya kujirekebisha. Dawa iitwayo olaparib huiziba njia hiyo, na chembe hufa. Dawa nyingine, bevacizumab, huzuia uvimbe kuota mishipa mipya ya damu ya kuulisha.

Je, zikitolewa pamoja zafaa zaidi? Hilo ndilo swali la jaribio lililoitwa PAOLA-1, lililofanywa Ulaya na Japani likiongozwa na madaktari wa Ufaransa. Walishiriki wanawake 806 wenye saratani ya ovari iliyoenea, ambao matibabu ya kwanza yalikuwa yamewapa nafuu. Wote waliendelea na bevacizumab. Katika kila watatu, wawili waliongezewa olaparib na mmoja akapewa tembe zisizo na dawa. Mgonjwa wala daktari wake hakujua nani anameza nini, ili matokeo yasipendelee upande wowote.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2019. Miongoni mwa wenye hitilafu ya BRCA waliopata dawa zote mbili, nusu walikaa zaidi ya miezi 37 kabla ya ugonjwa kuzidi tena. Kwa wenzao wa bevacizumab pekee, muda huo ulikuwa karibu miezi 22.

Lakini wale ambao uvimbe wao haukuwa na kasoro ya kujirekebisha hawakufaidika. Wao waliongezewa tu madhara kama vile kichefuchefu, uchovu na upungufu wa damu. Tena, hakukuwa na kundi lililopewa olaparib peke yake, kwa hivyo jaribio hilo halikuonyesha ni kiasi gani cha nafuu kilicholetwa na bevacizumab.

Ufanye nini basi? Mweleze daktari historia ya saratani katika ukoo wako. Ukipatikana na saratani ya ovari, uliza kuhusu kupimwa jeni kabla ya dawa hizi kuchaguliwa. Na ukiombwa kujiunga na jaribio, uliza dawa gani zinalinganishwa na madhara yake ni yapi. Usitie sahihi kabla ya kuelewa. Hata baada ya kutia sahihi, una haki ya kujiondoa wakati wowote na kuendelea kutibiwa kama kawaida.