Upepo Ukigeuka Pemba

Nyumba ninayotaka kuwasimulia ipo kisiwani Pemba, upande wa Wete, juu ya kilima chenye mikarafuu. Chini ya kilima kuna bonde la mpunga, na ukitazama magharibi unaiona bahari. Humo wanaishi bibi, baba, mama na watoto watatu. Kifungua mimba ni msichana wa miaka kumi. Wa kati ni mvulana wa miaka saba. Kitinda mimba ana miaka minne, na kazi yake kubwa ni kuuliza.

Nyumba yao imetazama kaskazini. Kwa miezi kadhaa mlango wa uani ndio uliokuwa ukijibamiza, pah, kila mtu alipousahau wazi. Siku moja mwishoni mwa Machi ukajibamiza wa mbele.

"Bibi, nani kafunga mlango?" akauliza kitinda mimba.

"Kusi hiyo, mjukuu wangu. Kaskazi imekwenda zake."

Jibu la bibi ni fupi, lakini ndani yake mna nusu ya dunia. Sikilizeni. Kaskazini yetu, ng'ambo ya bahari, kuna bara kubwa la Asia. Kuanzia Desemba hadi Februari sehemu kubwa ya bara hilo huwa na baridi kali. Hewa iliyopoa ni nzito. Hujikusanya juu ya nchi kavu, kisha ikamiminika kuja huku kwetu kwenye joto. Hiyo ndiyo kaskazi. Ikifika Juni mambo yamegeuka: Asia inaungua kwa jua, hewa yake inapanda juu, na hewa ya huku kusini inavutwa kwenda kujaza nafasi iliyoachwa. Hiyo ndiyo kusi. Kwa karne nyingi majahazi ya Oman, ya Ghuba na ya India yalikuja na kaskazi yakiwa yamepakia tende na vitambaa, yakarudi kwao na kusi yakiwa na boriti za mikoko. Nahodha aliyeukosa upepo wake alikaa pwani miezi akiusubiri.

Kusi huja pamoja na masika, na sababu ya masika mnaweza kuitafuta wenyewe kwa kijiti tu. Wa kati alikichomeka chake uani siku za mwanzo za Machi, kikiwa kimesimama wima. Kati ya saa sita na saa saba mchana kivuli kilizidi kuwa kifupi, kikawa kama ukucha, halafu hakikuonekana kabisa. Jua lilikuwa utosini. Pemba ipo nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kila mwaka: mwanzoni mwa Machi likielekea kaskazini, na mwanzoni mwa Oktoba likirudi kusini. Pale linapopita, bahari na nchi hupata joto jingi. Hewa yenye mvuke hupanda, hupoa huko juu, na maji yake hurudi chini, kama mvuke wa sufuria unavyogota kwenye kifuniko ukadondoka. Hapo hujengeka mkanda wa mawingu unaolifuata jua, ila huchelewa wiki chache nyuma yake. Ndiyo maana tuna mvua mbili na si moja: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba.

Hayo ni ya mbinguni. Duniani, masika ni taabu ya nguo. Asubuhi watoto huenda skuli, mchana huenda chuoni kusoma Kurani, na nguo za kote kuwili hurudi na matope. Mama hufua, lakini kamba ya uani haina faida yoyote wakati mawingu yamelala juu ya minazi siku tatu mfululizo. Basi nguo huanikwa jikoni, juu ya moto, na asubuhi huvaliwa zikiwa na unyevunyevu kidogo kwenye pindo na harufu ya moshi. Darasani hakuna anayemcheka mwenzake, kwani wote wananukia jiko. Usiku mama huhakikisha kila upindo wa chandarua umeingizwa chini ya godoro. Malaria imepungua sana Unguja na Pemba tangu miaka ya 2000, na moja ya sababu ni kwamba watu hawakuchoka kufanya mambo madogo kama hilo.

Mpunga nao haungoji. Unapoanza kutoa masuke bondeni, ndege huja makundi kwa makundi, na hapo ndipo watoto wanapohitajika kuliko watu wazima, maana sauti zao hazichoki. Kazi hiyo inaitwa kuamia. Wa kati hukaa na bibi kwenye dungu, jukwaa la miti lililoinuliwa katikati ya shamba, akiwa na debe la kupigia na kombeo la kurushia vijiwe. Siri aliyofundishwa na bibi ni kutazama mti wa jirani, si mpunga. Ndege hutua kwanza mtini kupeleleza, na mtoto mwenye akili huanza kelele hapo hapo, kabla hawajashuka. Akingoja mpaka watue kwenye masuke, wameshakula.

Mvua ikikatika mwezi wa Juni, kipupwe kinaingia. Hakuna barafu wala theluji. Mgeni kutoka Ulaya angetembea na shati tu. Lakini alfajiri watoto huvutana kanga kitandani, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kujimwagia maji. Jua sasa limekwenda mbali kaskazini, na kivuli cha nyumba mchana kimelala upande wa uani. Kusi inavuma kwa nguvu, bahari imechafuka, wavuvi wengi wanavuta ngalawa zao juu ufukweni na kushona nyavu. Samaki wabichi wakiadimika, mama huteremsha ng'onda waliokaushwa wakati wa jua, akawaunga kwa nazi. Kitinda mimba hawapendi. Hula mchuzi na kumwachia kaka yake samaki, na kaka yake hajawahi kulalamika.

Sasa nije kwenye kipindi ambacho nyumba nzima hubadilika: karafuu.

Kwanza mjue kwa nini karafuu ni za Pemba hasa. Zamani mashamba makubwa yalikuwa Unguja pia. Kisha Aprili 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka kwenye vilima vyake.

Chukua karafuu moja kavu jikoni kwenu, uitazame kwa karibu. Ina shina fupi, na juu yake vimeno vinne vidogo vimeshika kitu cha mviringo kama kichwa cha pini. Kitu hicho ni petali zilizofungwa. Karafuu ni ua ambalo halijachanua! Likichanua, petali hudondoka, na bei hudondoka pamoja nazo. Kwa hiyo kuna siku chache tu, wakati vitumba vinatoka kwenye kijani na kuanza kuwa vyekundu kidogo, ambazo lazima vichumwe. Mti mmoja hauivi wote kwa pamoja, na kuanzia Julai hadi miezi ya mwisho ya mwaka watu hupanda, hushuka, na hurudia tena mti uleule.

"Kwa nini mimi sipandi?" aliuliza kitinda mimba, na safari hii alikuwa na machozi.

Baba alikata kitawi cha mkarafuu akampa. "Kivunje."

Kikavunjika mara moja, tak, bila kupinda. Mti wa mkarafuu ni mrefu, na matawi yake hukatika ghafla pasipo onyo. Watu wazima wenye miaka mingi ya kupanda wameanguka wakavunjika viungo, na wengine wamekufa. Mtoto hapandi mkarafuu, hata kama wa jirani anapanda.

Lakini alipewa kazi yake. Kitinda mimba huokota zilizoanguka chini ya mti, na kwa kuwa yuko karibu na ardhi kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani, huziona ambazo wote wamezikosa. Jioni, baada ya sala ya magharibi, jamvi hutandikwa, pakacha la vichane humwagwa katikati, na kila mtu hukaa na kuanza kuchambua. Unashika kichane kwa mkono mmoja, unakikandamiza kwenye kiganja cha mkono wa pili na kukizungusha, karafuu zinabanduka, makonyo yanabaki. Makonyo nayo hayatupwi. Yana mafuta yake na yananunuliwa. Wa kati huanza kwa kasi kisha hulala akiwa amekaa. Kifungua mimba huchambua taratibu mpaka mwisho, na bibi husimulia hadithi za sungura kwa sababu anajua mikono hufanya kazi vizuri masikio yakiwa na shughuli.

Asubuhi karafuu huanikwa. Kifungua mimba ndiye msimamizi wa majamvi mchana akirudi skuli. Huzigeuza kwa mkono, huvunja moja kupima: ikipinda bado, ikikatika kwa mlio imekauka. Kilo tatu za karafuu mbichi hutoa takribani kilo moja iliyokauka, na huchukua siku kadhaa za jua zuri. Zikilowa zinavunda, hupoteza rangi ile nzuri ya kahawia. Kwa hiyo wingu likionekana upande wa bahari, hata mtu akiwa na tonge mdomoni, husikika kelele moja tu: "Anueni! Anueni!" Jirani akishamaliza zake, huja kuanua za mwenzake. Nimeyaona mengi mazuri ya nyumba za Pemba, na hili nalipenda kuliko yote.

Kuna neno moja nawaambia ninyi na wazazi wenu pia. Kuchambua jioni na ndugu zako ni jambo jema. Mtoto kukosa skuli wiki nzima kwa ajili ya karafuu ni kumnyang'anya kitu ambacho pesa za karafuu hazitamrudishia.

Mwanzoni mwa Oktoba wa kati alikitazama tena kijiti chake, na kivuli kikapotea kama mwezi wa Machi. Alikimbia jikoni akitangaza kuwa mvua inakuja. Wiki chache baadaye ikaja kweli, na kwa siku nyingi ilikuwa vigumu kuishi naye. Vuli ni mvua ya haraka: inapiga saa moja, jua linatoka, watoto wanatoka. Baada yake yanaiva maembe na mashokishoki, na mama huacha kuuliza kwa nini watoto hawana njaa wakati wa chakula.

Halafu, siku moja ya Desemba, mlango wa uani unaanza tena kujibamiza. Kaskazi huleta joto ambalo usiku huwatoa watu ndani wakalala barazani. Bahari hutulia, samaki hujaa sokoni, tiara za karatasi hupanda juu ya minazi. Na katika vijiji vya Pemba kuna mchezo wa ng'ombe, unaosemekana uliachwa na Wareno, ambapo vijana huonyesha ushujaa wa kumkwepa fahali. Hauawi, mchezo ukiisha anarudishwa nyumbani kula majani.

Ukutani kwenye chumba cha bibi imetundikwa kalenda yenye miezi ya Miladia na ya Hijria pamoja. Bibi mwenyewe ana ya tatu kichwani: huhesabu siku kumi kumi, yaani miongo, tangu Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa jua. Huko Makunduchi, Unguja, siku hiyo huadhimishwa kila Julai kwa Mwaka Kogwa: watu hupigana kwa mabua ya migomba na kibanda cha makuti huchomwa moto. Nairuzi karibu haihami msimu wake. Ramadhani ndiyo inayohama. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, wa jua una 365 au 366, kwa hiyo kila mwaka Ramadhani hurudi nyuma kama siku 10 au 11. Mwaka 2014 ilianza mwishoni mwa Juni, kipupwe kikiwa ndiyo kwanza kinaingia, na mfungaji hakuhisi kiu sana. Mwaka 2026 imeangukia Februari, jua la kaskazi likichoma. Huchukua karibu miaka 33 kuzunguka misimu yote na kurudi ilikoanzia.

Jioni moja, wakingoja futari ya muhogo ipoe, kifungua mimba alichukua penseli akapiga hesabu kwenye daftari lake la skuli. Aligundua kuwa kitinda mimba atakapotimiza miaka ishirini, mwaka 2042, Ramadhani itakuwa imefika Agosti.

"Agosti ni karafuu," akasema wa kati.

Kitinda mimba, ambaye siku hiyo alikuwa amefunga mpaka adhuhuri na kuhakikisha kila mtu anajua, alifikiri kidogo. "Basi nitapanda nikiwa nimefunga."

"Utapanda baada ya sala ya alfajiri," baba akamwambia, "na ushuke kabla jua halijakolea. Na kila tawi ulijaribu kwanza kwa mkono."