Shule ya Watoto Viziwi Yapimwa kwa Nini?

Mji wa Isiolo ni mlango wa kuingilia nchi kavu ya kaskazini mwa Kenya. Hapo hukutana Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wasomali na Wameru, kila watu na lugha yao, na wengi wao ni wafugaji. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, wakazi wa kaunti nzima walikuwa 268,002, nao wametawanyika katika eneo lipitalo kilomita za mraba 25,000.

Katika nchi pana namna hii, mtoto akizaliwa kiziwi huenda miaka mingi ikapita kabla habari ya shule haijatajwa. Si kwamba wazazi hawampendi. Mtoto ana macho makali na huchunga mbuzi vizuri, na nyumbani huelewana naye kwa kuonyesha kidole: maji yale, mbuzi huyu, njoo, lala. Basi huonekana kana kwamba hana haja ya zaidi.

Lakini yafaa ijulikane ni kitu gani anachokosa. Mtoto asikiaye, atimizapo miaka mitano, amekwisha kuokota maneno kwa maelfu bila ya kufundishwa na mtu, kwa kukaa tu karibu na wakubwa wanaozungumza. Kiziwi aliyekaa pale pale hakuokota hata moja. Huenda asijue kwamba ana jina. Huenda pia asipate njia ya kuuliza habari za jana au kesho, kwa maana kesho haiwezi kuonyeshwa kwa kidole. Akili anayo sawa na wenziwe. Asichonacho ni lugha. Miaka ya kwanza ya utoto ndiyo bora ya kuipokea, na yule aletwaye shuleni akiwa na miaka kumi huanza kazi hiyo amechelewa sana.

Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza ya shule ya viziwi si hesabu wala kusoma, bali kumpa mtoto lugha, na lugha imfaayo ni ile inayoonekana kwa macho. Jambo hili halikukubaliwa upesi. Mwaka 1880 walimu wa viziwi waliokutana mjini Milan, Italia, walikata shauri kwamba watoto wafundishwe kusema kwa kinywa na kusoma midomo ya watu, na ishara za mikono ziachwe. Shauri hilo lilitawala shule nyingi za ulimwengu kwa miaka mingi. Shule za kwanza za viziwi nchini Kenya, zile za Nyang'oma na Mumias zilizofunguliwa mwaka 1961, zilianza katika zama za mafundisho hayo. Ishara zilipata nafasi ya heshima darasani katika miaka ya 1980, na Katiba ya mwaka 2010 ikaiagiza Serikali kuikuza Lugha ya Ishara ya Kenya. Lugha hiyo ina sarufi yake yenyewe, wala si Kiswahili kilichogeuzwa kuwa mikono.

Kwa Isiolo hili lina maana ya pekee. Mtoto wa Kiborana na mtoto wa Kiturkana, ambao huenda baba zao wakahitaji mkalimani wakikutana kisimani, darasani huzungumza lugha moja.

Basi mzazi aendapo kuitazama shule asitazame rangi ya kuta. Na atazame kama watoto wameketi nusu duara, kila mmoja aweze kumwona mwalimu na kuwaona wenziwe; wakipangwa safu nyuma ya safu, wa nyuma hawaoni jibu la wa mbele. Atazame mwalimu asimame wapi, kwani akiupa mgongo dirisha wakati wa jua kali, uso na mikono yake huwa giza. Mwalimu anayesema huku akiandika ubaoni hajasema kitu. Bwenini pia taa si anasa: ikizimika, mazungumzo yote yamekwisha.

Lililo kubwa kuliko yote ni mikono ya mwalimu. Chuo cha Elimu Maalumu cha Kenya kilianzishwa Nairobi mwaka 1986 ili kuwafunza walimu wa kazi hii. Mwalimu mwema wa shule nyingine akihamishiwa hapa bila kujua ishara, yeye ndiye bubu darasani, na watoto ndio watakaomfundisha.

Liko jambo jingine lisilo katika uwezo wa shule. Shule ya Viziwi ya Kaaga iko Meru, kama kilomita 50 kutoka mji wa Isiolo, lakini mtoto wa Merti au Sericho hana budi kulala bwenini popote asomapo. Likizo ikifika, hurudi kwa watu wasiojua hata ishara moja, akanyamaza tena mpaka shule ifunguliwe. Wakati wa ukame, kama ule wa tangu mwisho wa 2020 hadi 2022, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, jamaa huhama kufuata malisho, na mtoto mwenye likizo huenda asiwakute pale alipowaacha. Mama akijifunza ishara mia moja tu, za chakula, ugonjwa, safari na majina ya ndugu, likizo hiyo huwa kitu kingine kabisa.

Mzazi mwenye shaka juu ya masikio ya mtoto asingoje umri wa kuanza shule. Ampeleke kwanza hospitali, kwa maana usaha wa masikio ukitibiwa mapema huenda usiharibu usikivu. Kisha amwone mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu au ofisi ya elimu, wamwelekeze kwenye kituo cha kupima watoto. Vituo hivyo viko chini ya Wizara ya Elimu tangu vilipoanza mwaka 1984. Hapo mtoto hupimwa, na mzazi huambiwa ni shule gani itamfaa.