Mita 402 za Moto: Rekodi za Mbio Fupi Kuliko Zote na Klachi Iliyomuua Mike Sorokin

Panda gari la 606 pale Chake Chake, shuka Wete. Ni kilomita kama 30, na ukihesabu wa kupanda na wa kushuka, mizigo na maongezi ya kondakta, saa nzima yaweza kukatika. Sasa mpe safari hiyo Mmarekani Don Garlits na gari aliloliendesha Agosti 1964, asisimame popote: dakika 5 na nusu, kafika. Jina lake kalitengenezea katika mbio za dragi, zile za magari mawili kusimama bega kwa bega, taa kuwaka, na kila mmoja kuuramba mstari ulionyooka mpaka mwisho. Hakuna kona wala mzunguko wa pili. Ni mchezo wa rekodi tupu, na rekodi zake kubwa kuliko zote zina deni kwa watu waliokufa mapema, wakati bado hakuna aliyejua chuma kinaweza kufanya nini.

1. Fupi kuliko zote

Robo maili, yaani mita 402. Zunguka mara moja njia ya kiwanja cha riadha, ongeza hatua mbili tatu, basi. Njia ya kurukia ndege ya uwanja wetu wa Pemba, pale Wawi, ina urefu wa kilomita moja na nusu: ungepanga mbio tatu, moja mbele ya nyingine, na bado zikabaki mita 300 za kufungia breki. Mwanadamu aliyekimbia mita 400 haraka kuliko wote ni Wayde van Niekerk wa Afrika Kusini, sekunde 43.03, Rio de Janeiro, mwaka 2016. Mwaka 1969 dereva John Mulligan aliimaliza robo maili kwa sekunde 6.43. Angekwenda mara sita na bado akamsubiri van Niekerk kwa sekunde nne!

2. Kongwe kuliko zote

Mlango wa kwanza wa kibiashara ulifunguliwa Julai 1950 huko Santa Ana, California, na ulifunguliwa uwanja wa ndege. Mzee C.J. Hart na wenziwe waliomba kutumia njia ya ndege siku za Jumapili, wakatoza watazamaji senti 50 kila kichwa. Mkewe, Peggy, hakukaa kuuza tiketi tu, bali naye alikuwa dereva, na wanaume aliowaacha nyuma hawakuwa wachache. Kabla ya hapo vijana wa California walikuwa wakishindana barabarani usiku na kwenye maziwa yaliyokauka. Mwaka uliofuata, 1951, Wally Parks akaanzisha chama cha NHRA, ambacho ndicho kinachoshika hatamu za mchezo hadi leo.

3. Wa kwanza kuvunja 200

Maili 200 kwa saa zilikuwa kwa watu hawa kama kilele cha mlima kisichokanyagwa. Tarehe 1 Agosti 1964, katika jimbo la New Jersey, Garlits aliandikiwa maili 201.34, sawa na kilomita 324 kwa saa. Usain Bolt, akiwa katika kasi yake kali kabisa, hakufika 45. Chukua Bolt saba, unganisha kasi zao, Garlits bado yuko mbele.

4. Gari jepesi lenye injini nzito

Dragi ya miaka ile ilikuwa mifupa mitupu: mabomba yaliyochomelewa, magurudumu membamba mbele kama ya baiskeli, mapana nyuma, na injini ya Chrysler katikati. Uzito wake kama kilo 600. Kwa Mpemba, hiyo ni magunia 12 ya karafuu kavu, ya kilo 50 kila moja. Lakini magunia hayo 12 yalikuwa yakisukumwa na nguvu za farasi zaidi ya 1,500.

Na dereva alikaa wapi? Hapa ndipo pa kusimama kidogo. Mwaka 1954 Mickey Thompson alikisogeza kiti nyuma kabisa, nyuma ya magurudumu ya nyuma, ili uzito wote uyakandamize matairi yashike lami. Umbo hilo likaitwa manati, na jina limekaa sawasawa: dereva yuko kule mwisho kama jiwe kwenye ngozi ya manati, anasubiri kuachiwa. Injini iko mbele yake, ekseli iko chini ya mapaja yake, na baina ya miguu yake miwili, mahali ambapo wewe kwenye daladala ungeweka kikapu chako, pamekaa klachi na giaboksi.

5. Kinywaji kikali kuliko vyote

Petroli inahitaji hewa nyingi ili iungue: kilo moja hutaka kilo 14 na zaidi za hewa. Nitromethani hutosheka na kilo 1.7 tu, kwa sababu imebeba oksijeni yake yenyewe. Kwa hiyo kila silinda humwagiwa mafuta mengi mara nyingi zaidi, na mlipuko wake si wa kawaida. Dragi kubwa za leo, kuanzia kupasha matairi hadi mwisho wa mstari, hunywa lita 45 au zaidi. Ni zaidi ya madumu mawili ya lita 20 kwa mbio ambayo hujamaliza kuitikia salamu nayo imekwisha.

Miaka ya 60 timu nyingi ziliogopa na kuichanganya na methanoli. Vijana watatu wa pwani ya California, Tom Jobe, Bob Skinner na dereva wao Mike Sorokin, hawakuogopa. Wao waliitia karibu tupu, asilimia 98. Watu waliwaita The Surfers, kwa kuwaona kama vijana wa kucheza na mawimbi, watu ambao sisi tungewatafutia nafasi kule Vumawimbi. Mwaka 1966 waliyapeleka mawimbi hayo Bakersfield, kwenye mashindano ya Machi yaliyokusanya dragi kali kuliko mahali popote, wakarudi na ubingwa. Hawakuwa na mfadhili mkubwa. Walikuwa na hesabu nzuri na kichwa kisichoyumba.

6. Sahani hatari kuliko zote

Nenda kwa fundi yeyote wa magari hapa Chake, muombe akuonyeshe klachi pleti iliyoungua. Atakutolea duara la chuma upana wa sahani ya wali. Utaona limegeuka rangi, samawati pembeni na kahawia katikati, na ukilikaribisha kwenye jua utaona nyufa nyembamba kama nywele. Ukinusa, harufu haikutoki puani mpaka jioni. Hiyo ni klachi ya Dyna iliyopanda mlima na mzigo.

Sasa ifikirie sahani hiyo ikizunguka mara 7,000 kwa dakika. Ukingo wake unakwenda zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Kipande kikikatika na kuruka, kinalivuka dimba zima la Gombani, goli hadi goli, kwa sekunde moja na kidogo.

Miaka ya mwanzo klachi ilikuwa ikishika kwa mkupuo, na matairi yakatoa moshi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kufikia 1967 mafundi waligundua kwamba ukiiacha klachi iteleze kidogo kidogo, matairi hayachezi, yanashika, na saa inashuka. Rekodi zikaanza kuanguka kama embe za kaskazi. Ila kuteleza ni msuguano, na msuguano ni joto. Vyuma vilivyotengenezwa kwa kazi ya kushika mara moja vikawa vinapikwa kila mbio, na kasha lililovifunika halikuwa na ubavu wa kuvizuia vikipasuka.

7. Siku nzito kuliko zote: 30 Desemba 1967

Uwanja wa Orange County, kusini mwa Los Angeles, ulikuwa mpya kabisa. Ulifunguliwa Agosti ya mwaka huohuo, na ulikuwa ukisifiwa kuwa mzuri kuliko vyote vya aina yake. The Surfers walikuwa wameshaachana kwa wema. Sorokin, ambaye sasa aliwaendeshea wengine, siku hiyo alikaa ndani ya dragi ya Tony Waters. Ilibaki siku moja mwaka umalizike.

Klachi ililipuka, vipande vikalikata gari pale pale alipokaa, na Mike Sorokin akafa.

Nimesoma habari za ajali nyingi za mchezo huu na hii ndiyo ninayoirudia, kwa sababu ya aina ya mtu aliyeondoka. Ubora wake ulikuwa mkono mtulivu. Chombo kilichobeba mafuta makali kuliko ya wenzake wote alikinyoosha kama nahodha anayepita mkondo wa Pemba wakati wa kusi, bila papara. Hakukosea chochote siku ile. Ujuzi wake wote ulikuwa mikononi, na kilichomuua kilikuwa baina ya miguu yake. Nyumbani aliacha mke na mtoto mchanga wa kiume, Adam.

8. Na bado klachi haikushiba

Septemba 1969, Indianapolis, mashindano makubwa kuliko yote ya NHRA. John Mulligan, yule wa sekunde 6.43, ndiye aliyeongoza orodha ya waliofuzu. Klachi ikapasuka, moto ukashika, na majeraha yake yakamuua baada ya wiki kadhaa hospitalini. Muda wake wa kufuzu ulibaki juu ya orodha, mwenyewe hayupo.

Tarehe 8 Machi 1970 ikawa zamu ya Garlits, kwenye uwanja wa Lions, Long Beach. Safari hii ni giaboksi iliyolipuka, hapohapo baina ya miguu. Gari likakatika vipande viwili na sehemu ya mguu wake wa kulia ikaenda nalo.

9. Mageuzi makubwa kuliko yote

Garlits hakufa, na alipokuwa amelazwa alichora. Aliitoa injini mbele ya dereva akaiweka nyuma yake. Wengi waliwahi kujaribu hivyo na magari yao yakawa hayanyooki, hivyo wakamwona amechanganyikiwa. Mwaka 1971 alitokea Pomona na gari hilo, Swamp Rat 14, akashinda mashindano ya kufungua mwaka. Miaka michache baadaye manati zilikuwa zimekwisha kwenye daraja la juu. Moto na vyuma vinavyoruka sasa viko mgongoni mwa dereva, na klachi ya leo imefungiwa ndani ya kasha la titani. Katika orodha yangu yote hakuna rekodi ninayoiheshimu kuliko hii, ingawa haina namba ya kuandika.

10. Kasi kuliko zote za wakati wake

Julai 2017, Sonoma, California, Robert Hight alifika maili 339.87 kwa saa, kasi ambayo hadi wakati huo hakuna aliyewahi kuifikia katika mchezo huu. Ni kilomita 547! Kisiwa chetu kizima, kutoka mnara wa taa wa Kigomasha hadi ncha ya kusini, ni kilomita 67 hivi: dakika 7 na sekunde 21. Nguvu za farasi katika magari haya hutajwa kuwa 11,000. Kusanya bodaboda 1,100, zipange moja nyuma ya moja, upate mstari wa kilomita mbili, kisha zikoroge zote ziwe injini moja.

Na mbio zenyewe zimezidi kuwa fupi. Juni 2008 Scott Kalitta alikufa Englishtown, New Jersey, gari lake lilipokosa mahali pa kusimama, na wiki chache baadaye NHRA ikayapunguzia magari ya nitro umbali: kutoka mita 402 hadi 305. Kipande kilichokatwa ni karibu urefu wa dimba la mpira.

11. Mbali zaidi na California

Ndugu zetu walioko Ghuba hawatashangaa na haya. Timu ya Al-Anabi ya Qatar, ya Sheikh Khalid bin Hamad Al Thani, iliwaendea Wamarekani kwao na kutwaa ubingwa wa daraja la juu la dragi za nitro, Top Fuel, mara tatu: 2010, 2011 na 2013.

12. Deni lililolipwa baada ya muda mrefu kuliko yote

Miaka 44. Machi 2010, Bakersfield, mashindano yale yale, njia ile ile iliyokuwa uwanja wa ndege wa vita. Siku hizi hapo hushindana magari ya mtindo wa zamani, injini mbele, dereva nyuma kabisa, miguu huku na huku, klachi katikati. Aliyeshinda dragi ya nitro mwaka huo alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, amekaa vilevile alivyokaa baba yake. Kwenye orodha ya mabingwa wa Bakersfield, mwaka 1966 pameandikwa Mike Sorokin, na 2010 pameandikwa Adam Sorokin.