Sheria za Ajabu za Wanyama, na Mafunzo Yake kwa Mfanya Biashara

Kila nchi ina sheria zake, na nyingine zikisikiwa kwa mara ya kwanza humchekesha mtu. Leo nataka kuwaeleza habari za sheria tatu zilizowekwa kwa ajili ya wanyama: moja ya bata, moja ya panya, na moja ya mnyama mdogo aitwaye simbilisi. Chekeni mpendavyo, lakini baada ya kucheka mfikiri, maana ndani ya kila moja limo fundisho kwa mtu apelekaye mali yake sokoni.

Sheria ya kwanza ni ya Uingereza. Huko yuko ndege aitwaye batamaji, mkubwa, mweupe, mwenye shingo ndefu. Zamani nyama yake ilikuwa chakula cha karamu za wakubwa, na thamani yake ilikuwa kubwa. Sheria yasema, tangu zamani hata leo, ya kwamba batamaji wa aina hiyo akaaye huru katika maji ya wazi, asiye na alama ya mwenyewe, ni mali ya Mfalme. Mwaka 1482 ikaamriwa kwamba hapana mtu awezaye kuwa na alama yake ila mwenye ardhi ya kumpatia pato la kiasi fulani kwa mwaka. Alama zilichanjwa katika mdomo wa ndege, na kila mwenyewe alikuwa na mchoro wake. Vyama viwili vya wafanya biashara wa London, kimoja cha wauza mvinyo na kimoja cha watia rangi nguo, vina haki hiyo mpaka leo. Kila mwaka, mwezi wa Julai, watu wao hupanda mashua pamoja na watu wa Mfalme katika mto Thames, wakawahesabu ndege na makinda yao. Siku hizi midomo haichanjwi tena. Hutumika pete za mguuni.

Sisi twasema, “Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.” Ni kweli, lakini sheria hii yatuonya kwamba kizuri kisicho na alama hakimjulishi mwenyewe. Tuseme mama mmoja huleta sokoni mayai ya jana, akayachanganya katika kapu moja na ya jirani yake yaliyokaa majuma matatu. Mnunuzi akivunja yai viza, hatauliza lilikuwa la nani. Atalikimbia kapu zima, na mama yule atampoteza mteja kwa kosa lisilo lake. Lakini akiyatenga katika kapu lake, akaandika juu yake jina lake na siku yalipotagwa, mnunuzi atamtafuta yeye tena juma lijalo. Alama si pambo, ni ahadi. Naye aiwekaye juu ya kitu kibovu ameutangaza ubaya wake mwenyewe.

Sheria ya pili ilitolewa mbali, katika mji wa Hanoi, nchi ya Vietnam, mwaka 1902. Wakati ule nchi ile ilitawaliwa na Wafaransa. Walikuwa wamejenga mifereji ya maji machafu chini ya ardhi, na panya wakaona humo makao mema kupita yote. Serikali ikaogopa tauni, ikaajiri watu waingie mifereji kuwaua. Katika mwezi wa Juni ilikuwapo siku moja waliyouawa panya zaidi ya 20,000, wala hawakwisha. Ndipo ikatoka amri kwamba mtu yeyote auaye panya atalipwa. Wala hana haja ya kuleta mzoga, alete mkia tu. Mikia ikamiminika, na wakubwa wakafurahi. Lakini baada ya muda wakaonekana mjini panya wazima wasio na mikia! Watu walikuwa wakiwakamata, wakiwakata mikia, kisha wakiwaachilia wakazae wengine. Tena, kando ya mji wakagunduliwa watu waliofuga panya kwa ajili ya mikia yao. Malipo yakakomeshwa.

Msiwacheke watu wa Hanoi peke yao. Mnunuzi alisema ataka mkia, akauziwa mkia. Mtu hupata kile akilipiacho, si kile akitamanicho moyoni. Chama cha wakulima kikinunua pamba kwa uzito tu, bila kuutazama usafi wake, kitaletewa maji na mchanga ndani ya pamba. Mwaka wa kwanza wajanja watafurahi. Mwaka wa pili wanunuzi watashusha bei ya pamba yote, na mkulima mwaminifu ataadhibiwa pamoja na mjanja. Basi kabla ya kutangaza bei, jiulize: je, nalipia panya, au nalipia mkia?

Sheria ya tatu ni ya nchi ya Uswisi, nayo ni ya mwaka 2008. Simbilisi, ambaye kwetu wako wamfugao kwa nyama, huko hufugwa nyumbani kama paka. Kwa kuwa ni mnyama apendaye wenziwe, sheria yakataza kumfuga mmoja peke yake. Likatokea tatizo: wawili wakifugwa, mmoja akafa, huyu aliyebaki hukaa kinyume cha sheria. Ukimnunulia mwenzi kijana, kesho mzee atakufa, na kijana ataachwa mpweke. Hivyo hutamaliza kununua. Mwanamke mmoja wa nchi ile akaliona jambo hili, akaanza kuwakodisha simbilisi. Mteja humchukua mmoja awe mwenzi wa yule mzee mpaka afe, kisha humrudisha, akarudishiwa sehemu ya fedha zake.

Wauza wanyama walikuwa wengi, lakini yeye aliuza jambo jingine: aliuza njia ya kutoka katika taabu. Hakuuliza, “Nina nini cha kuuza?” bali, “Jirani yangu ana shida gani?” Mwenye duka kijijini auzaye chumvi kwa kipimo kidogo, kwa mtu asiye na fedha za kununua kilo nzima, amelifahamu fundisho hili bila kufika Uswisi.

Basi, wasikilizaji, mtakapofunga mizigo yenu kwenda sokoni, jiulizeni maswali matatu. Je, mali yangu yajulikana kuwa ni yangu? Je, bei yalipia kitu chenyewe, au mkia wake tu? Na je, naijua shida ya mnunuzi? Asiyejiuliza atarudi jioni na mzigo wake kichwani, akilaumu soko. Kwaherini.