Mizabibu ya Mashimoni Kisiwani Lanzarote

Mwanachama aweza kuuliza: je, mzabibu wastawi mahali ambapo mvua ya mwaka mzima ni yapata milimita 150 tu? Jibu lapatikana Lanzarote, kimojawapo cha Visiwa vya Kanari vya Hispania, kiasi cha kilomita 130 kutoka pwani ya Afrika.

Kati ya mwaka 1730 na 1736 volkano zililipuka kisiwani humo, zikafukia vijiji na mashamba ya nafaka. Wakulima waliosalia waling'amua kwamba chini ya majivu meusi udongo wa kale ungali hai. Wakachimba mashimo mapana, mengine yenye kina cha meta mbili au tatu, ili mizizi iufikie udongo huo. Majivu hayo yana vitundu vingi: usiku hupokea umande, na mchana huuzuia unyevu usinyonywe na jua. Kandoni mwa shimo hujengwa ukuta mfupi wa mawe, wenye umbo la mwezi mwandamo, kuukinga mzabibu na upepo wa bahari usiokoma.

El Grifo, kiwanda cha familia kilichoanzishwa mwaka 1775, kingali kikitumia zabibu za mashimo hayo, hasa aina ya Malvasía Volcánica. Mizabibu husimama juu ya mizizi yake yenyewe, kwa maana filoksera, mdudu aliyeangamiza mashamba ya Ulaya katika karne ya 19, hakufika kisiwani wakati ule. Wanywaji husema mvinyo wake mweupe una uchumvichumvi kidogo. Si ajabu, kwa ardhi ya namna ile.

Lakini ugumu upo katika hesabu. Hekta moja ya mashimo huwa na mashina yapata 300 tu. Trekta haliingii, kupogoa, kupalilia na kuvuna ni kazi ya mikono mitupu. Kiwanda hununua pia zabibu za wakulima wadogo, na hawa wasipolipwa bei inayotosheleza siku zao za kazi, vijana wao huenda kuajiriwa katika hoteli za watalii. Shimo lisilotunzwa hujaa majivu yanayoporomoka, na mzabibu hufukiwa. Hapo familia yenye kiwanda haina la kufanya, hata ikiwa na mapipa mazuri namna gani.

Wakulima wa zabibu wa Dodoma wasikimbilie kuchimba. Mvua yao, yapata milimita 550, hunyesha karibu yote katika msimu mmoja, na shimo katika udongo mzito lingetuamisha maji na kuozesha mizizi. Lifaalo kuigwa ni kufunika ardhi kuzunguka shina, kwa nyasi kavu badala ya majivu. Naye katibu wa chama aandike daftarini siku za kazi kando ya kilo zilizopimwa, kwa mavuno yote mawili ya mwaka, kabla hajakaa na mnunuzi kupatana bei.